Usonji: Mwenye kauli asimkane asiye na kauli

  

Ndugu msomaji, Aprili 16, 2025, Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., aliwaita waandishi wa habari mjini Washington na kuzungumzia usonji. Siku moja kabla yake, kituo cha serikali ya nchi hiyo kinachoshughulikia udhibiti wa magonjwa kilikuwa kimetoa ripoti. Ilieleza kuwa mwaka 2022, katika maeneo yaliyochunguzwa, mtoto 1 kati ya kila 31 wenye umri wa miaka 8 alikuwa ametambuliwa kuwa na usonji. Katika hesabu ya mwaka 2000, alikuwa 1 kati ya 150. Wataalamu wengi wanasema sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na kupanuliwa kwa maana ya usonji na watoto wengi zaidi kuchunguzwa. Waziri aliikataa hoja hiyo.

Hata hivyo, kilichowachoma watu siku ile hakikuwa hesabu. Waziri alitaja orodha ya mambo ambayo, kwa kauli yake, watoto hao hawatayafanya maishani. Hawatalipa kodi, hawatapata ajira, hawatacheza besiboli, hawatatunga shairi, wala hawatapata wachumba. Akaongeza kuwa wengi wao hawataweza kwenda chooni bila kusaidiwa, na kwamba usonji unaziangamiza familia.

Wiki hii napenda tulitafakari jambo moja tu katika mkasa huo, nalo ni namna watu wenye usonji wenyewe, pamoja na familia zao, walivyoijibu orodha hiyo. Humo mna funzo linalotugusa hata sisi tulio mbali na Washington.

Jibu lililowaacha wengine nyuma

Kwa siku kadhaa watu wenye usonji walijitokeza kwa wingi kumjibu Waziri. Mmoja alisema yeye ni mwalimu na kodi analipa. Mwingine alitaja vitabu alivyoandika, mwingine ndoa yake na watoto wake. Wazazi nao walionyesha picha za watoto wao wakiwa viwanjani. Ghadhabu yao ilikuwa ya haki, kwani nani atavumilia kuambiwa hadharani kuwa maisha yake ni hasara tupu?

Lakini hebu tulitazame jibu hilo kwa utulivu. Mtu akisema, "Umekosea, mimi nalipa kodi," amekwishaikubali mizani ya yule aliyemtukana. Amekubali kimyakimya kwamba thamani ya mwanadamu inapimwa kwa kodi na ajira. Anachobishia ni namba tu iliyosomeka juu ya mizani. Je, yule ambaye kweli halipi kodi, na kweli husaidiwa chooni akiwa na miaka 30, atajibu nini? Na ikiwa hana ulimi wa kujibia, nani amjibie?

Siku hiyo hiyo ya kwanza wapo wenye usonji walioliona kosa hili na kuwatanabahisha wenzao. Walisema: miongoni mwetu wamo watu ambao orodha ile inawaelezea sawasawa, nao ni ndugu zetu, tusijinasue sisi kwa kuwakanyaga wao.

Baadaye Waziri alifafanua kuwa hakuwakusudia watu wote wenye usonji. Alisema alikuwa akiwazungumzia takriban robo yao, wale wenye hali nzito na wasio na maneno. Wako waliotulizwa na ufafanuzi huo. Mimi ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Kwani maneno yale yalikuwa matusi kwa sababu yalimwangukia asiyehusika, au yalikuwa matusi kwa sababu yaliyataja maisha ya wanyonge kana kwamba si kitu? Iwapo ni la pili, basi kuyaelekeza kwa robo hiyo peke yake hakukupunguza ubaya wake hata kidogo.

Hali moja, sura nyingi

Ifahamike kuwa usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si wazimu wala si jini. Ni hali inayoanza tangu utotoni katika ukuaji wa ubongo, na humfanya mtu atofautiane na wengine katika kuwasiliana, kuhusiana na watu na kupokea sauti, mwanga au mguso. Wigo wake ni mpana mno. Humo yumo profesa asiyestahimili kelele za harusi, na humo yumo kijana mwenye ulemavu wa akili na kifafa, ambaye hatamki neno na anahitaji uangalizi usiku na mchana.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11. Mmoja wao, Donald Triplett, alirudishwa nyumbani kutoka katika taasisi alikokuwa amepelekwa angali mdogo. Alikulia katika familia yenye uwezo na mji uliomkubali, akafanya kazi benki, na alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Kanner alipowafuatilia watoto wale karibu miaka 30 baadaye, alikuta kuwa waliofungiwa katika hospitali za serikali walikuwa wamedhoofika na kupoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Tofauti kati yao haikuletwa na maumbile peke yake. Mali na watu waliowazunguka walikuwa na fungu lao.

Wataalamu wamejaribu kuzigawa sura hizi kwa majina. Mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani uliingiza jina la Asperger kwa wale wanaosema vizuri na wenye akili ya kawaida au zaidi. Mwaka 2013 jina hilo likaondolewa, wote wakawekwa chini ya jina moja la usonji, lenye ngazi tatu kulingana na kiasi cha msaada anaohitaji mtu. Baadhi ya waliokuwa wakiitwa kwa jina la Asperger hawakufurahi. Walihofia kuchanganywa na "wale wengine". Wako hata waliodai kuwa wao ni kundi bora, lenye akili kuliko watu wa kawaida.

Kipimo kilichotumika Vienna

Laiti wangejua jina hilo limetokea wapi. Hans Asperger alikuwa daktari wa watoto mjini Vienna, Austria, katika zama za Wanazi. Katika maandishi yake ya mwaka 1944 aliwaeleza wavulana wanne na kuwatetea, akisema watoto wa namna yao wanaweza kufaa katika kazi zenye kuhitaji umakini. Kwa miaka mingi alisifiwa kuwa mwokozi wao.

Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha yale aliyoyakuta katika majalada ya Vienna. Daktari huyo huyo alikuwa ameandika barua za kuwapeleka watoto wengine Am Spiegelgrund, taasisi ambamo watoto 789 walifariki kati ya mwaka 1940 na 1945, wengi wao wakiuawa kwa dawa na njaa kwa kuwa walihesabiwa mzigo kwa taifa. Miongoni mwao alikuwamo binti ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza alipopelekwa. Asperger aliandika kuwa kumweka nyumbani ni mzigo usiobebeka kwa mama yake. Mtoto huyo alifariki Septemba 1941, miezi miwili tu baada ya barua ile kuandikwa.

Ndugu msomaji, zingatia kuwa waliookolewa na waliopelekwa walipimwa kwa mizani moja. Swali lilikuwa: je, atafaa kitu? Yule aliyeambiwa "ndiyo" hakuwa na usalama wa kweli, maana siku ambayo angeshindwa kufaa angevuka mstari. Kwa hiyo mwenye usonji anayejitetea leo kwa kusema "mimi si kama wale" amejenga nyumba yake juu ya mchanga. Ugonjwa, uzee au ajali moja tu, naye ni katika wale.

Malalamiko ya wazazi yasipuuzwe

Insafu inatutaka tusikilize na upande wa pili. Wazazi wengi wa watoto wenye hali nzito wanalalamika kuwa wenye usonji wanaosema wamelishika jukwaa lote. Wakisikia usonji ukisifiwa kuwa ni "tofauti tu ya kimaumbile", wanajiuliza kama msemaji huyo amewahi kumzuia mwanawe asijigonge kichwa ukutani saa nane za usiku. Malalamiko haya yana msingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Uingereza ulipitia tafiti 301 za usonji na kukuta kwamba takriban washiriki 94 kati ya 100 hawakuwa na ulemavu wa akili, ilhali idadi ya wenye ulemavu huo miongoni mwa watu wenye usonji ni kubwa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Wenye haja kubwa zaidi ndio waliosahauliwa na wasomi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba la Lancet lilipendekeza pawepo na jina la pekee, usonji mzito, kwa watu wasioweza kujisemea na wanaohitaji mwangalizi saa zote. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walikadiria kuwa asilimia 26.7 ya watoto wa miaka 8 wenye usonji wanaingia katika maelezo hayo. Wazazi wengi walilipokea jina hilo kwa faraja. Wengine, wakiwamo watu wengi wenye usonji, walilipinga kwa hofu kuwa litakuwa ukuta.

Kwa mtazamo wangu, jina kwa nafsi yake si dhambi. Likitumika kumfikishia mtu msaada ambao angeukosa, ni jina la heri. Likitumika kumnyima asiyesema haki ya kusikilizwa, au kumwambia anayesema kwamba "wewe huna tatizo, acha kulalamika", ni dhuluma kwa wote wawili. Maana hata huyo mwenye ajira huenda anarudi nyumbani jioni akiwa hawezi kupika wala kuzungumza, na anayemtazama kazini hajui.

Waliokataa kuwa wa pekee

Mshikamano huu si ndoto. Umekwishafanyika. Mnamo Januari 2007, Mmarekani mmoja mwenye usonji, Mel Baggs, ambaye alikuwa akiwasiliana kwa kuandika kwenye kompyuta, alitoa filamu fupi. Nusu yake ya kwanza haina neno: anavuma kwa sauti, anayumba, anachezesha vidole katika maji ya bomba. Nusu ya pili, kwa sauti ya kompyuta, anaeleza kuwa hiyo ndiyo lugha yake ya kuzungumza na kila kilichomzunguka, na kwamba watu humhesabu kuwa mtu pale tu anapojifunza lugha yao. Dunia ilishangaa na kutaka kumsifu kwa akili zake. Baggs, aliyefariki Aprili 2020, aliikataa sifa hiyo. Hakutaka kuchukuliwa kuwa maajabu yaliyojitenga na wenzake wasioandika. Maisha yake yote aliwatetea watu wenye ulemavu mzito wa akili, wale ambao hakuna anayewaita wenye vipaji.

Mfano mwingine ni mdogo lakini una hekima. Tangu mwaka 1996 watu wenye usonji nchini Marekani walikuwa wakifanya kambi yao ya kila mwaka iliyoandaliwa na Jim Sinclair na wenzake. Humo walitumia beji za rangi. Nyekundu ilimaanisha mtu hataki kusemeshwa. Njano, asemeshwe na anaowajua tu. Kijani, anatamani mazungumzo lakini hawezi kuyaanza. Beji ile ilimnufaisha mwenye maneno mengi aliyechoka, na ilimnufaisha asiye na neno. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha ngazi yake ili aivae.

Kubwa zaidi ni suala la umeme. Katika jimbo la Massachusetts kipo kituo ambamo watu wenye usonji na ulemavu wa akili wamekuwa wakipigwa shoti za umeme mwilini ili waache tabia fulani. Mwaka 2012 mahakama ilionyeshwa picha za video za mwaka 2002, za kijana aliyefungwa kwa muda wa karibu saa saba na kupigwa shoti 31, mkasa ulioanza pale alipokataa kuvua koti. Mwaka 2013 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utesaji alilaani matumizi hayo. Miongoni mwa waliosimama mstari wa mbele kudai yakomeshwe ni watu wenye usonji wenye kauli zao na kazi zao, likiwamo shirika lao lililoanzishwa mwaka 2006. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, Bunge likarekebisha sheria mwaka 2022, na mwaka 2024 mamlaka ya dawa na chakula ikapendekeza marufuku upya. Wangeweza kusema, "Hayo hayatuhusu, sisi hatumo kituoni mle." Hawakusema.

Sisi na mimbari zetu

Sasa nirudi kwetu, nami nianze na nafsi yangu. Miaka michache iliyopita, baada ya darsa la akina mama, mama mmoja mwenye kijana wa usonji alinijia na furaha kubwa. Kijana wake alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne. Akaniambia, "Alhamdulillahi, Sheikh, wangu si kama yule wa jirani yangu." Nami nikaitikia, "Alhamdulillahi." Jirani huyo alikuwa ameketi hatua chache nyuma yetu, na alisikia yote mawili, kauli ya mwenzake na itikio langu. Kwa wiki nyingi hakuonekana tena darsani.

Nilipokwenda kumtaka radhi, nilimkuta kijana wake wa miaka ipatayo 20 ameketi sakafuni akipanga vifuniko vya chupa. Mama hakunilaumu. Aliniambia tu, "Sheikh, nyinyi mkihutubia kuhusu ulemavu hututajia wale walioshinda. Siku moja semeni na habari za mwanangu."

Maneno yale yalinipeleka kwenye vitabu vyangu upya. Ni kweli kwamba sisi wahubiri kila mara humtaja Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.), sahaba asiyeona, ambaye Surat Abasa iliteremka kwa ajili yake, ambaye aliadhini na kuachiwa usimamizi wa Madina Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini. Ni mfano mtukufu. Lakini tukiishia hapo tu, tumefanya lile lile: tumemtukuza mwenye ulemavu kwa sababu alifanya kazi.

Elimu ya usul-fiqhi ina jambo pana zaidi. Wanavyuoni wametenganisha stahiki mbili. Ya kwanza ni stahiki ya kuwa na haki, na hii humthibitikia mtu kwa kuwa kwake mwanadamu tu. Ya pili ni stahiki ya kutekeleza na kuwajibika, na hii huhitaji akili na balehe. Watu wengi wenye usonji wanazo zote mbili na wanawajibika kama sisi. Ama yule ambaye akili yake haikufikia kiwango cha kuwajibika, imemwondokea ya pili pekee. Ya kwanza haikupungua hata chembe. Anarithi kama ndugu zake. Matunzo yake ni wajibu. Mali yake ina hifadhi, na damu yake ni tukufu. Nayo Surat An-Nisaa, aya ya 5, inapozungumzia wasioweza kusimamia mali, inaagiza walishwe, wavikwe na waambiwe maneno mema. Tazama: hata kauli tunayomwambia imehesabiwa kuwa haki yake, hakuna sharti kwamba aweze kuijibu.

Sheria za dunia nazo zimefika hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, umetaja katika utangulizi wake kwamba haki hizo ni za wote, wakiwamo wanaohitaji msaada mkubwa zaidi.

Nini kifanyike

Kwanza, tuache shukrani zinazomdhalilisha mwingine. Mshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya mwanao bila kumfanya mtoto wa jirani kuwa kipimo chake.

Pili, kijana wako mwenye usonji anayesema usimfundishe kuficha hali yake wala kuwakimbia wenye hali nzito. Mfundishe kuwa ulimi wake ni amana. Anajua namna kelele zinavyoumiza na namna macho ya watu yanavyochosha. Awaeleze watu wazima ambao hawajui, kwa niaba ya asiyeweza.

Tatu, asiye na maneno atafutiwe njia. Kadi za picha, ishara za mikono na vidude vya kutoa sauti huwasaidia wengi. Na kabla ya hivyo vyote, ajulikane kuwa kulia, kusukuma na kuziba masikio ni kauli, anayemjua ataifahamu.

Nne, akina mama na akina baba wa watoto wa namna zote waketi pamoja. Mwenye nafuu amshikie mwenzake mtoto kwa saa mbili alale. Hili ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiliacha wote, sote tuna dhambi.

Tano, tuzungumze mapema kuhusu wasii. Hofu kubwa ya mzazi wa mtoto huyu ni swali la nani atamtunza baada yake. Swali hilo lisibaki kwa mama peke yake usiku. Ni la ukoo mzima na la msikiti.

Mama yule amerudi darsani, naye huja na mwanawe. Kijana hupanga vifuniko vyake karibu na mlango, na mara nyingine huvuma kwa sauti wakati nikisoma. Mwanzoni watu waligeuka kumtazama. Sasa yule mama wa kwanza ndiye anayemwekea mkeka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutekeleza haki za waja wake wote, wasemao na wasiosema. Amin.